Sikio la ndani la mjusi: kupula imekubali

Imekubali! Nimejenga mfano wa mfereji wa sikio la ndani la mjusi, ule unaohisi kichwa kikigeuka. Jana saa mbili usiku nimeizungusha meza ulipokaa kwenda kulia, na kupula, kile kizibo laini ndani ya mfereji, ikabinuka kushoto. Nikaisimamisha ghafla, ikabinuka kulia. Ndivyo ilivyo ndani ya kichwa cha mjusi: kichwa kikianza kugeuka majimaji hubaki nyuma, kikisimama yenyewe bado yanakwenda. Nimerudia mpaka mkono ukauma.

Mfereji wenyewe haukunisumbua. Ni mpira wa leveli wa mafundi ujenzi, upana wa ndani milimita 12, nimeukunja duara, ncha zote mbili zikaingia kwenye kichupa cha dawa kilicho badala ya ampula, ile sehemu ya mfereji iliyovimba ambamo kupula hukaa. Nimejenga ule wa mlalo tu kati ya mifereji mitatu.

Kilichonila wiki tatu ni kupula, ule ute unaokaa juu ya seli zenye vinyweleo. Nilianza na kipande cha baluni nilichokigundisha upande wa chini. Majimaji yakapita juu yake, chenyewe kimesimama tu. Nikaweka silikoni, ikawa ngumu, haitikisiki. Jelatini ikatengeneza umbo zuri asubuhi, na kufika saa nane mchana kwa joto la Dar ikawa uji. Nilikaribia kuuweka mradi wote stoo.

Kosa lilikuwa kwamba nilikuwa najenga mlango wa bawaba. Kupula haifunguki. Imeziba ampula ukuta hadi ukuta, inashikilia pande zote, na inayofutuka ni sehemu ya kati, kama tanga likipata upepo. Basi nikachukua agari, ile ya kupikia faluda, nikaichemsha nyepesi sana, nikaimimina kwenye pete ya waya niliyoizungushia kipande cha chandarua ili ukingo wake upate pa kushika. Katikati nikadondosha tone moja la rangi nyekundu. Tone hilo ndilo lililosogea jana.

Maji matupu pia yalinidanganya. Mfereji wa mjusi ni mwembamba mno, kuta zake zinayabana majimaji yasiyumbeyumbe. Kwenye mpira mpana kama wangu maji yanaendelea kuzunguka sekunde kadhaa. Glisirini vipimo vitatu kwa kimoja cha maji imetuliza kila kitu. Ijazeni kwa bomba la sindano, taratibu, kutokea chini. Kiputo kimoja tu cha hewa kinaharibu kazi ya siku nzima. Na gundi moto isiguse kitu chenye kimiminika, inaachia. Silikoni ya matangi ya samaki, saa 24, hapo utalala usingizi.

Hatua iliyofuata ilikuwa papila ya kusikia, sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti. Nilitaka sana kuonyesha jinsi mjusi tokay, yule mkubwa wa Asia, anavyopokea sauti nene upande wa shina na nyembamba upande wa ncha, kinyume na koklea yetu, kile kiungo cha kusikia cha binadamu kilichojikunja kama konokono. Itasubiri. Wakati nafuta meza niliinua macho, chini ya taa ya kibaraza yuko mjusi kafiri jike, mayai mawili yanaonekana kupitia ngozi ya tumbo, na kila upande wa shingo ana uvimbe mweupe kama chaki. Ni chaki kweli, kalsiamu kaboneti, na mfuko unaoihifadhi ni tawi la sikio la ndani lililotoka nje ya fuvu likashuka shingoni! Akiba hiyo ndiyo inayochangia ganda la mayai. Nimeshanunua tochi, na leo naanza kuwapiga picha shingo kila usiku, kabla ya kutaga na baada.