Mnafungua sufuria saa ngapi?

Nimekula biriani mbaya nyingi katika jiji hili, na karibu zote nimezila usiku. Sikuwahi kuyaunganisha mambo hayo mawili mpaka kazini waliponitupa zamu ya usiku.

Ilikuwa hivi. Kuna mkahawa mmoja unaoushukia ngazi saba kutoka barabarani, una meza kumi na mbili na feni moja inayolia. Rafiki yangu alinipeleka huko akiapa kwamba biriani yao ya dum, ile inayoivia ndani ya sufuria iliyozibwa, haina mpinzani. Tulifika saa tatu usiku, tumetoka kazini. Nikaletewa kilima cha wali, punje za juu zimekauka, za chini zimegandamana, na nyama iliyoonekana imepashwa moto zaidi ya mara moja. Nikala nikanyamaza, maana rafiki ndiye aliyekuwa analipa. Moyoni nikaufuta mkahawa ule.

Miezi minne baadaye nikawa mtu wa kulala alfajiri na kuamka adhuhuri. Siku moja, saa saba kasoro robo mchana, mvua ilinikuta nje ya mlango ule ule, nikashuka ngazi nijikinge tu. Harufu ikanipokea kwenye ngazi ya tatu. Iliki, samli, vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikaanza kuwa vyeusi pembeni, na kitu kama ua ambacho baadaye nilikuja kujua ni maji ya kewra, yanayotolewa kwenye maua ya mkadi.

Jiko lao liko wazi, unaliona kutoka mezani. Mzee mmoja mwenye aproni iliyopauka alikuwa amesimama mbele ya sufuria pana, makaa yamepaliwa juu ya kifuniko. Ukingo wote ulikuwa umezibwa kwa unga wa ngano uliokandwa, nao umeiva ukawa wa kahawia. Akaondoa makaa kwa koleo, moja moja, akapangusa majivu kwa kitambaa kibichi. Kisha akachukua kisu kifupi akaanza kuupasua ule unga kuzunguka, bila haraka, na watu wanne waliokuwa wameketi wakaacha maongezi yao. Alipokiinua kifuniko, alikiinua upande wa mbali naye, mvuke ukaenda ukutani.

Hakukoroga. Alichukua kisahani, akakizamisha wima ubavuni mwa sufuria mpaka kikagonga chini, akainua: nyama, wali mweupe, wali wa zafarani, vitunguu, kila kimoja bado kiko kwenye tabaka lake. Punje zilikuwa ndefu, hakuna iliyomshika mwenziwe, nyingine nyeupe pe, nyingine njano, nyingine zimekunywa rojo la nyama zikageuka kahawia. Nyama ya mbuzi iliachia mfupa nilipoigusa tu na kijiko.

Nikashindwa kujizuia. "Mzee, mimi niliwahi kula hapa usiku, mbona haikuwa hivi?"

Hakuudhika. "Binti, ulikula mabaki ya hii. Sufuria ni moja tu. Naifungua saa saba. Usiku wanapasha."

Basi. Mwaka mzima nilikuwa nazunguka jiji nikiuliza biriani nzuri iko wapi, kumbe nilipaswa kuuliza iko saa ngapi.

Nieleze kidogo kwa nini, maana tangu siku ile nimekuwa msumbufu wa wapishi. Dum ni neno la Kiajemi, maana yake pumzi. Chakula kinafungiwa ndani ya chombo kizito, kinazibwa, kinawekewa moto mdogo chini na makaa juu, kikipikwa kwa mvuke wake chenyewe. Kuna njia mbili kubwa. Ile ya Lucknow, mji wa kaskazini mwa India, huitwa pakki: nyama inapikwa kwanza, ndipo inapangwa na wali na kuzibwa. Ile iliyoipa sifa Hyderabad, mji mwingine wa India, ni kacchi, na hiyo kwangu ni kamari ya wazi. Nyama inaingia mbichi. Imelala kwenye mtindi, tangawizi, kitunguu saumu, viungo, mara nyingi na papai bichi la kuilainisha. Juu yake unamwagwa mchele uliochemshwa kwa maji mengi ya chumvi na kuchujwa ungali na kiini kigumu. Nyama na mtindi vikianza kutoa maji, mvuke huo ndio unaomalizia wali. Nyama mbichi na wali nusu vinatakiwa viive kwa wakati mmoja, na mpishi haruhusiwi kuchungulia. Akifunua, pumzi imetoka.

Ndiyo maana kacchi haipikwi kwa oda. Nyama peke yake inataka kulala saa kadhaa kama si usiku kucha, na sufuria ikishazibwa ni kama saa nzima nyingine, kubwa ni zaidi. Mkahawa unaokuletea "biriani ya dum" dakika kumi na tano baada ya kuagiza ama umekupakulia kutoka sufuria iliyokwisha kufunguliwa, jambo ambalo ni sawa kabisa, ama umekuchanganyia wali na mchuzi kwenye kikaango. Hilo la pili ndilo tunalolishwa zaidi. Na ukikuta sahani nzima ina rangi moja ya chungwa, kila punje sare, jua kuna mtu amekoroga. Wali wa dum una madoa. Zafarani au rangi hunyunyizwa juu tu, na panapofika ndipo panapofika.

Nimewahi pia kudanganywa kwa ustadi, na hilo nalisimulia kwa aibu kidogo. Mkahawa mwingine, wa vitambaa vyeupe, uliniletea kichungu kidogo cha udongo kilichofunikwa kwa unga uliookwa ukanawiri kama mkate. Mhudumu akaukata mbele yangu kwa mbwembwe, mvuke ukatoka, meza ya jirani wakapiga picha. Mimi pia nilipiga. Halafu nikachimba. Juu wali mkavu, chini mchuzi wa kuku unaoelea mafuta, na kati yao hakuna kilichomjua mwenziwe. Wali ulikuwa umepikwa asubuhi, mchuzi umepikwa asubuhi, vikakutanishwa kwenye kichungu na kuingizwa kwenye oveni muda wa unga kuiva tu. Unga ni wa kuzuia mvuke. Kama ndani hakuna kinachopikika, huo ni mkate uliofunika bakuli.

Tangu hapo nina maswali yangu. La kwanza: sufuria mnafungua saa ngapi? Mkahawa unaopika kweli hujibu bila kufikiri, kama vile umewauliza wanafunga saa ngapi. Mkahawa mwingine unakuangalia machoni na kusema "saa yoyote, karibu sana", na hapo mimi huagiza chai. La pili: huwa inakwisha? Wakisema huisha, naanza kuwaamini. Neno "imekwisha" lilikuwa likiniudhi, siku hizi nikilisikia naandika jina la mkahawa kwenye simu. La tatu huwa naliuliza kwa sauti ya chini kwa sababu linaonekana la ulafi: mnapakua kwa kutumia nini? Wakisema kisahani, au upawa bapa unaokwenda mpaka chini, vizuri. Ukiona kijiko kinakwangua juu juu, wewe wa kwanza umepewa wali mtupu na wa mwisho atapewa nyama tupu.

Menyu siitumii tena. Menyu yenye aina kumi na nane za biriani inaniambia kuna sufuria moja ya wali mweupe na michuzi kumi na minane.

Kuna hadithi moja ya Lucknow ninayoipenda kwa sababu za kibinafsi. Husimuliwa kwamba mwaka 1784 kulipotokea njaa, Nawab (yaani mtawala) Asaf-ud-Daula wa Awadh, eneo ulipo mji huo, alianzisha ujenzi wa Bara Imambara, jengo kubwa la ibada la Washia, ili watu wapate riziki. Raia walijenga mchana, na usiku wakaja watu wa heshima walioishiwa, waliotaka kazi bila kuonekana, wakibomoa sehemu ya kilichojengwa. Chakula chao kilikuwa kwenye masufuria makubwa yaliyozibwa na kuachwa kwenye moto mdogo, kiwe tayari saa yoyote. Inasemwa Nawab alipita siku moja, akainusa ile harufu, na tangu hapo dum ikaingia jikoni mwake. Hadithi za mapishi huwa zimetiwa samli, najua. Lakini kama ina ukweli, basi chakula hiki kilipikiwa watu wa zamu, na mimi nadai haki yangu.

Na si lazima iwe ya Hyderabad wala Lucknow. Jiji kubwa lina faida hiyo: ukitembea unakuta wapishi wa kila upande. Ile ya Kolkata, mashariki mwa India, huja na kiazi kizima na mara nyingi yai. Chanzo chake huhusishwa na Wajid Ali Shah, mtawala wa mwisho wa Awadh, aliyeondolewa na Waingereza mwaka 1856 akahamia huko pamoja na wapishi wake. Wengine husema kiazi kiliongezwa kwa sababu nyama ilikuwa ghali, wengine wanasema kiazi enzi hizo kilikuwa kitu kigeni cha kujionyesha nacho. Wabishane. Mimi hukitumia kama kipimo. Nakivunja kile kiazi katikati: kikiwa na ladha ya nyama mpaka kwenye kiini, sufuria ilizibwa kweli. Kikiwa cheupe na kitupu ndani, kiliwekwa mwishoni kwa ajili ya sura. Ile ya Thalassery na ile ya Dindigul, za kusini mwa India, hazina habari na basmati kabisa. Zinatumia mchele mfupi, mwembamba, wenye harufu yake. Mara ya kwanza nilidhani nimepunjwa. Mhudumu aliniangalia nikizitazama zile punje fupi, akaniambia, "Onja kwanza, dada." Nikaonja, nikaomba radhi.

La kuletewa nyumbani kwa pikipiki nitalipita haraka. Biriani iliyofungwa kwenye boksi la plastiki inaendelea kutoa mvuke ambao hauna pa kwenda, ukifungua punje zimelia. Nimejaribu mara tano. Kama huna budi, mwombe mkahawa asifunike mpaka wakati wa kuondoka.

Sasa nimerudishwa zamu ya mchana. Ofisini kwetu mapumziko ni saa saba na nusu, na kutoka huko mpaka zile ngazi saba ni dakika ishirini kama taa za barabarani zina huruma. Nimemwomba msimamizi wangu nianze saa moja mapema ili nitoke saa saba kamili. Akauliza ni kwa sababu za kifamilia? Nikasema ndiyo, kwa namna fulani. Bado anafikiria.

Jumatano iliyopita sikusubiri jibu, nilikwenda hivyo hivyo nikikimbia, nikafika saa nane kasoro dakika tano. Meza zote zimejaa watu wanaolamba vidole. Mzee akaniona mlangoni akatikisa kichwa, akaiinamisha sufuria kuelekea kwangu nione mwenyewe: tupu, ila ukoko umeshika chini, wa rangi ya dhahabu iliyokoza, na vipande viwili vya kitunguu.

"Huo unauza?" nikamwuliza.

"Huo huwa nakula mimi," akasema. Akachukua mwiko, akaukwangua, akaugawa katikati.