Nimekuta mibuyu Kimberley

Mi nimezaliwa Mpwapwa, Dodoma, na kwetu mbuyu ni kitu cha kila siku, umo shambani, umo njiani, umo nyuma ya shule, watoto wanaurushia mawe ubuyu udondoke na hakuna mtu anayesimama kuushangaa. Sasa we fikiria, niko Australia mwaka wa sita huu, tumetoka Broome alfajiri tunaelekea Derby, miji ya eneo la Kimberley, kaskazini-magharibi ya nchi, kilomita kama 220 hivi, lami imenyooka hadi unasinzia, pembeni nyasi kavu na vichuguu vyekundu, mara mbele naona mti umesimama una tumbo kubwa, hauna jani hata moja, matawi yamechanua juu kama mizizi. Nikamwambia mume wangu simamisha gari. Akadhani tumepata pancha. Nikashuka nikavuka barabara nikaenda kuushika ule mti, gome lake ni lile lile, laini halafu lina mikunjo kama goti la tembo, nikajikuta nalia kabisa, mtu mzima, na mume wangu yuko nyuma yangu ananiuliza vipi mama, kuna nini?

Wenyewe wanauita boab. Ni ndugu wa mbuyu wetu kabisa, duniani ipo aina nane tu, sita ziko Madagaska, moja yetu ya Afrika bara, na moja hii ya kaskazini-magharibi ya Australia. Mwaka 2024 wanasayansi waliopima vinasaba vya aina zote nane walisema asili yake ni Madagaska, na hii ya Australia inaelekea ilifika kwa vibuyu kuelea baharini miaka milioni nyingi iliyopita. Yaani tunda limeelea Bahari ya Hindi nzima likafika ufukweni likaota. Kila nikiiwaza hiyo habari nasisimka.

Basi tuseme safari yenyewe. Tulikuwa watatu, mimi, mume wangu na mdogo wake, shemeji yangu, wao ni Wahehe wa Iringa na mimi Mgogo, kwa hiyo utani ulianza uwanja wa ndege Perth na haukuisha. Tulikodi Land Cruiser Broome ina hema juu ya keria, friji ndogo, spea mbili, tukabeba maji lita 80, madumu mawili ya diseli, unga wa sembe kilo kumi, dagaa, na simu ya setilaiti maana ukishaingia kule mtandao sahau. Njia yetu ilikuwa Gibb River Road, hii ni barabara ya kama kilomita 660 inayokata katikati ya Kimberley kutoka Derby mpaka karibu na Kununurra, ilitengenezwa miaka ya 1960 kwa ajili ya kusafirisha ng'ombe kutoka ranchi za ndani, na sehemu kubwa mpaka leo ni rafurodi. Masika yanapoanza mito inafurika na barabara inafungwa miezi kadhaa, kwa hiyo watu wanaenda kiangazi, Mei mpaka Oktoba hivi. Sisi tulienda Julai, mchana jua kali lakini halichomi sana, usiku baridi, shemeji anasema kama kwao tu.

Nje kidogo ya Derby kuna boab mmoja maarufu, wanasema una umri wa kama miaka 1,500, ndani una uwazi, na kwa miaka mingi wageni wameambiwa kwamba polisi walikuwa wanafungia wafungwa humo. Watafiti wanabisha, wanasema hakuna ushahidi kwamba mtu alifungiwa ndani ya mti huo, na kwa wenyeji ni mahali pa kuheshimiwa toka zamani, ndio maana wameuzungushia uzio. Lakini minyororo ilikuwepo, hilo halina ubishi. Wenyeji wa Kimberley walikuwa wanakamatwa, wanafungwa minyororo ya shingo, wanatembezwa kwa miguu mamia ya kilomita kupelekwa magereza ya pwani, na wengine walichukuliwa kwa nguvu kwenda kuzamia lulu. Mi nimekulia kwenye njia ya misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji, ilipita Mpwapwa, shuleni tumefundishwa minyororo ya shingo tukiwa wadogo sana, kwa hiyo pale sikuhitaji maelezo. Nilisimama nje ya uzio nikausalimia ule mti kwa Kigogo, kimya kimya.

Kutoka hapo tukaingia Gibb, tukateremsha upepo wa tairi mpaka psi 28, na baada ya kama kilomita 120 tukakata kulia kwenda Windjana Gorge. Hili korongo ni la kushangaza jamani, kuta za mawe ya chokaa zimesimama wima pande zote mbili, kuna mahali zinafika mita 100, na zamani sana, miaka zaidi ya milioni 350, hapa palikuwa chini ya bahari, ukuta wote huu ni mwamba wa baharini, ukisogea karibu unaona magamba ya viumbe yamegandia ndani ya jiwe. Na chini ni mto Lennard, kiangazi unakuwa madimbwi, na kwenye madimbwi kuna mamba. Nilihesabu 23 kwenye fungu moja la mchanga. Hawa ni wale mamba wa maji baridi, pua nyembamba, kwa kawaida hawana shida na mtu kama hujawachokoza, lakini mtu uliyekua unasikia habari za mamba wa Rufiji mwili haukubali tu hivi hivi, tulipita mbali, shemeji kashika fimbo muda wote. Mmoja alikuwa kafungua kinywa, katulia hivyo, na nzi anatembea juu ya jino lake la mbele taratibu, anazunguka, anarudi. Nilimwangalia dakika nyingi sana.

Kilomita 35 mbele kuna Tunnel Creek, na hapa ndio naomba nikae kidogo.

Ni mto mdogo uliotoboa mlima, kama mita 750 unatembea chini ya jiwe, giza totoro, tochi kichwani, maji ya baridi yanafika magotini na kuna sehemu yanafika mapajani. Popo wananing'inia. Katikati dari limeporomoka zamani, mwanga unaingia kwa juu, mizizi ya miti imeshuka mpaka chini kama kamba. Hapa ndipo alipojificha Jandamarra, kijana wa watu wa Bunuba, wenyeji wa eneo hilo. Alikuwa mfuata nyayo wa polisi, anawasaidia kuwakamata watu wake mwenyewe, mpaka mwaka 1894 walipokamata kundi la ndugu zake, usiku mmoja akampiga risasi polisi aliyekuwa naye na kuwafungulia wote minyororo. Toka siku hiyo akapigana na polisi na wafugaji wa kizungu miaka karibu mitatu, kwenye makorongo haya haya tuliyopita, mwezi uliofuata tu walipambana pale Windjana, akajeruhiwa vibaya na akapona. Watu wake waliamini risasi haimpati. Aliuawa Aprili 1897, hapo hapo Tunnel Creek, na kichwa chake kikakatwa kikapelekwa Uingereza.

Mume wangu alikuwa anasoma kibao cha maelezo kwa sauti anatutafsiria, alipofika kwenye kifo akanyamaza, halafu hayo ya kichwa akayasema mwenyewe kwa sababu alishayajua. Shemeji akauliza, "Kaka, mwaka gani umesema?" "Tisini na saba." Na Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alikufa 1898. Mwaka mmoja tu baadaye, bara lingine, bunduki za kabila lingine la wazungu, na kichwa vile vile kikakatwa kikaenda Ulaya, kikarudi Kalenga 1954. Hawa ndugu wawili babu yao aliwapeleka Kalenga wakiwa wadogo wakaliona lile fuvu. Hatukuongea tena mpaka tumetoka upande wa pili wa mlima. Shemeji alichota maji ya ule mto na kiganja akanawa uso, akasema tu, "Pumzika, mzee."

Usiku ule kambini Windjana tulisonga ugali kwenye jiko la gesi, dagaa, kachumbari, na popo wanatoka kwa maelfu kwenye mwamba.

Kesho yake tukapanda ile milima ambayo kwenye ramani yetu ya karatasi ilikuwa imeandikwa King Leopold Ranges. Ndio, Leopold yule yule wa Kongo. Mzungu mmoja anaitwa Alexander Forrest alipita 1879 akaibandika jina la mfalme wa Ubelgiji, na jina likakaa miaka 141, mpaka 2020 serikali ya jimbo ilipolibadilisha kuwa Wunaamin Miliwundi, majina ya wenyeji wenyewe, Wangarinyin na Wabunuba. Jirani yetu Perth ni Mkongomani wa Bukavu, nilipomsimulia tuliporudi alikaa akaniangalia akasema, "Mpaka huko alifika?" Nikamwambia hakufika yeye, lilifika jina. Lakini kama ramani ni yako basi kalamu ichukue uandike upya, mi yangu niliifuta pale pale juu ya boneti nikaandika Wunaamin Miliwundi kwa herufi kubwa. Barabara ya kwenda Windjana yenyewe bado ina Leopold kwenye jina lake, nayo naomba waitazame.

Ndani ya milima hiyo kuna Bell Gorge, unalala Silent Grove halafu asubuhi unaendesha kilomita kumi na unatembea kama nusu saa kwenye mawe. Maporomoko yanashuka ngazi kwa ngazi mpaka kwenye bwawa la kijani kiza. Mi sijui kuogelea vizuri, nilikaa kwenye jiwe bapa miguu majini, maji baridi mpaka mifupa inauma, jiwe chini yangu la moto, na nikasema hata kama safari ingeishia hapa mi nimetosheka.

Haikuishia hapo maana mchana wake tukapasua tairi. Ile barabara imejikunja mistari kama bati, ukienda polepole gari linatetemeka mpaka meno yanagongana, ukienda haraka unapoteza uelekeo, na mawe yake ni makali kama vigae. Tairi la nyuma kushoto lilichanika ubavuni. Jeki ikazama kwenye mchanga, tukaweka ubao chini yake, spea ikaingia, kumbe spea yenyewe ina upepo nusu, na ile kompresa tuliyopewa na waliotukodisha ukiiwasha inanguruma tu haitoi kitu. Hili liliniudhi sana kwa kweli, unampa mtu gari aende porini kilomita 600 hujajaribu kifaa chake. Jamani kabla hujaondoka washa kompresa mbele yao, pima upepo wa spea zote, usikubali kuambiwa iko sawa.

Tulikaa saa moja na nusu kabla gari lolote halijapita. Wa kwanza kupita alisimama. Mzee na bibi yake, wastaafu, nywele nyeupe wote, wanavuta kitrela, mzee akashuka bila kuuliza mengi akatoa kompresa yake akapiga magoti kwenye lile vumbi jekundu, umri wake sio wa kupiga magoti, mume wangu akawa anamwambia "no no, sir" na yeye anapunga mkono tu. Bibi akanikabidhi kikombe cha chai ya moto. Nikawapa chapati zilizobaki. Wakatufuata nyuma mpaka Mount Barnett, penye kituo cha mafuta, ndio wakapiga honi wakaondoka.

Manning Gorge tulilala siku mbili, pale unavuka mto kwa kuogelea, nguo na chakula unaweka kwenye boksi la plastiki unasukuma mbele, mi nilivuka na kimtumbwi cha kuvuta kamba. Sitaeleza sana. Siku zilizofuata zilikuwa vumbi na barabara, vumbi liliingia hadi ndani ya sukari iliyofungwa.

Mwisho mwisho ndio mto Pentecost. Huu ni mpana, unavukwa kwa gari juu ya mawe, na humu mamba ni wale wa maji ya chumvi, hao hawana utani, kwa hiyo huwezi kushuka kupima kina kwa miguu. Tulisubiri gari lingine livuke kwanza tuone maji yanafika wapi kwenye tairi. Mume wangu akaweka gia nzito ya pili akaingia, taratibu bila kusimama, maji yanasukumana mlangoni, mi nimeshika kishikio cha juu naomba kwa sauti, shemeji nyuma ananiambia "Shem, tumefika katikati, usiangalie kushoto." Sikuangalia. Tulipopanda ukingo ule jua lilikuwa linazama, ile milima ya Cockburn mbele yetu ikawaka nyekundu mpaka ikawa kama kaa la moto, na chini yake, mstari mzima, mibuyu.

Kununurra mtandao ukarudi. Nikampigia mama Mpwapwa, saa zake ilikuwa asubuhi, nikamwambia mama huku kuna mibuyu. Akanyamaza kidogo halafu akauliza, "Na ubuyu wake upo?" Nikamwambia upo, mdogo kuliko wetu, niliokota Derby chini ya mti nikaupasua, unga wake mweupe, mkavu, mchachu kidogo. Akauliza, "Umekula?" Nikasema nimekula mama. "Haya," akasema, "umefika kwa watu."