Punguza kidogo

Leo Ijumaa na lile neno bado halijanitoka kichwani. "Punguza kidogo." Kama naambiwa chumvi.

Mnamkumbuka yule bibi wa Dunda ninayemchora barazani kwake asubuhi kabla jua halijawa kali. Jumatatu mwanawe akaja kutoka Dar kuiona picha, ndiye mlipaji, akasimama mbele yake weee, halafu ndo akasema, "Dada, umempatia kabisa, macho ni yake. Ila mbona mweusi hivi?" Nikamwambia kaka, ndiyo rangi yake. Akacheka kwa upole tu, hana ubaya, akasema, "Najua, lakini picha inakaa sebuleni hii. Punguza kidogo." Na mimi nikajibu "sawa." Hiyo sawa inaniuma kuliko maneno yake. Nimeirudia nikiosha vyombo, nimeirudia kwenye bajaji, Jumatano kaka yangu kaoa, watu wanacheza mdundiko mpaka usiku mkubwa mi nimeshika sahani ya pilau, nawaza ningemjibu hivi, ningemjibu vile.

Maana ule weusi nimeutafuta miaka jamani. Nyie mnanijua tangu enzi za viboksi, unaipiga mistari picha ya pasipoti, unapiga mistari karatasi kubwa, unahamisha kiboksi kwa kiboksi, marehemu wa watu wanatoka wamefanana lakini wamekauka kama ubao. Ngozi ilikuwa kahawia, na kivuli ukitaka unaongeza nyeusi ya tyubu, basi, uso unakuwa kama una masizi. Mwalimu wangu ndiye aliyeninyang'anya ile tyubu, akasema changanya bluu ya ultramarini na kahawia upate giza lako mwenyewe. Mwaka mzima sikumwelewa. Mpaka siku moja namwangalia mama mmoja anauza samaki ufukweni, naona chini ya kidevu chake kuna bluu, kwenye shavu mwanga umekaa kama shaba. Kwa bibi nimeweka zambarau shingoni, ni kanga yake ile, rangi imerukia kwenye ngozi. Ukiipausha ngozi, ule mng'ao unazimika.

Juzi usingizi hakuna, nikafungua zile picha za Gwen John nilizosevu kwenye simu, yule mchoraji mwanamke wa Wales aliyesoma chuo cha sanaa cha Slade kule London, 1895 mpaka 1898, kisha akaenda Paris kujifunza kwa mchoraji Whistler. Miaka yote nimeona aibu na viboksi vyangu, kumbe naye kuanzia kama 1913 aliwachorea masista wa Meudon, karibu na Paris, mwanzilishi wao, Marie Poussepin, aliyefariki 1744, na mkononi alikuwa na kikadi cha sala tu chenye sura yake! Akakirudia, akakirudia. Na ule mkao, mwanamke ameketi, unamwona mpaka usawa wa magoti, ndo ukaja kuwa mkao wa picha zake za baadaye. Yaani mtindo wake ulikomaa humohumo kwenye kunakili. Rangi zake zimepoa, kavu kama chokaa, mbali kabisa na zangu, lakini nilikaa nazo mpaka simu ikazima.

Jana nikarudi kwa bibi, na tyubu ya nyeupe nimeibeba mfukoni, siwafichi. Bibi hakugusia habari za mwanawe. Akaisogelea picha, si unajua macho ya uzee, akanyoosha kidole mpaka karibu kabisa na ile zambarau ya shingoni, akasema, "Hapa panang'aa. Mafuta ya nazi haya." Nikasema ndiyo bibi. Akarudi kitini, akajitengeneza kanga begani, akatulia.

Nyeupe sikuifungua. Nimemaliza mkono wa kushoto wote, na mishipa yake. Mwanawe nitampigia Jumapili, nimwambie sipunguzi, hela iliyobaki asipotaka kulipa basi, picha namwachia mwenye sura yake.

Sasa mdogo wangu wa Muscat. Hata siku ya harusi hakupiga. Nimemtumia ujumbe tangu Jumanne, mpaka saa hizi tiki moja.