Kamongo na Jamaa Zake

Mwalimu wetu wa Baiolojia wa kidato cha tano, pale Mwanza, hakuamini kwamba uainishaji wa viumbe unafundishika ubaoni. Himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi: hayo tulikuwa tumeyakariri tangu O-level na hayakutusaidia chochote. Jumamosi moja akatupeleka Mwaloni Kirumba na hela ya mchango, tununue samaki wa kila aina tutakayoiona, kisha tukirudi tuwapange kwa undugu. “Undugu, si sura,” alirudia pale getini.

Mwaloni asubuhi huna pa kusimama. Makuli wanapita na magunia ya dagaa wakikufokea upishe. Mama mmoja alikuwa ameshawapanga wake: sangara huku, sato huku, gogogo na ningu kwenye beseni, kambare na kamongo wametupiwa karai moja pembeni.

“Shikamoo mama. Hawa mbona umewachanganya?”

“Marahaba. Wote warefu, wote wana utelezi, wote hawafi upesi. Na wateja wao ni walewale, mwanangu.”

Nilikubaliana naye. Kwa biashara yake, mpangilio ule haukuwa na kasoro. Tukachukua kambare mmoja na kamongo wawili.

Maabara ndipo ubishi ulipoanza. Karibu vikundi vyote viliwaweka kambare na kamongo pamoja, tena kwa hoja iliyoonekana nzito: wote wawili hupumua hewa. Mwalimu hakubisha. Alimfunua kambare kichwa, akatuonyesha vimiti vyekundu vilivyoota juu ya matamvua. Hivyo ndivyo anavyovutia hewa. Halafu akampasua kamongo, akapenyeza mrija wa soda kwenye kitundu kilicho sakafuni mwa koo, akapuliza. Mifuko miwili mirefu ikavimba chini ya mgongo. Mapafu! Darasa zima lilisogea, hata wale wa nyuma waliokuwa wamejifunika pua.

Kisha akashika pezi la kamongo. Ni uzi tu, ukilitazama unaliona halina maana. Lakini linaungana na bega kwa kipande kimoja, kama mkono wa mtu unavyoungana na bega lake. Pezi la sato halikujengwa hivyo. Akachukua vikaratasi vyetu vya majina, akamwondoa kamongo kwa sangara, sato, kambare na dagaa, akampeleka upande wa chura, mamba, kuku na binadamu. Kamongo na sisi, alisema, tuna babu mmoja aliyeishi zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, na wakati huo ukoo wa sato ulikuwa umeshajitenga.

Tulifarijika kusikia kwamba hata wataalamu wakubwa wa wanyama waligombana. Mwaka 1837 Fitzinger alieleza jamaa wa kamongo kutoka Amazon, akamwona ni mtambaazi. Miaka miwili baadaye Richard Owen akamchunguza kamongo wa Afrika Magharibi, akasema huyu ni samaki.

“Sasa samaki ni kundi gani?” mtu akauliza.

Mwalimu alikuwa akilisubiri swali hilo. Alitueleza habari za Willi Hennig, Mjerumani mtaalamu wa wadudu, ambaye mwaka 1950 alichapisha kanuni kwamba kundi la ukoo lazima liwe na babu pamoja na wazao wake wote, bila kumbagua hata mmoja. Mkitaka sangara na kamongo wakae kundi moja, akasema, basi na nyinyi ingieni humo humo.

Mimi kanuni hiyo naikubali hadi leo, ila kwa kazi yake. Afisa uvuvi akiifuata atalazimika kumkatia leseni na mvua vyura. Karai la yule mama lilijibu swali jingine, na lilijibu vizuri.

Jioni, samaki ambao hawakupasuliwa walipikwa bwenini, yule kamongo wa pili akiwemo. Jamaa mmoja akasukuma sahani, akasema yeye hali ndugu yake. Aliyekaa mkabala naye akamkumbusha kwamba kuku ni ndugu wa karibu zaidi ya kamongo, na Krismasi alimwona akila mapaja mawili.