Nilivyoipandisha pikipiki yangu Riat na mifuko mitatu ya simiti

Mimi hubeba simiti kutoka Kondele, hapa Kisumu, kupeleka Kiboswa. Anayeijua barabara ya Kakamega anajua kwamba ukishapita Mamboleo, mlima wa Riat unakungoja. Mfuko mmoja ni kilo 50. Nikipakia mitatu, pikipiki yangu ya Kichina, cc 150 (yaani ujazo wa silinda) yenye injini ya aina iitwayo CG, ilikuwa inakata pumzi katikati ya mlima mpaka narudi gia ya kwanza. Mwenzangu wa stejini ana pikipiki ya Boxer 150. Kwa mzigo uleule ananipita na gia ya pili bila wasiwasi. Liliniuma hilo, maana wote tuliambiwa tumenunua 150.

Fundi wa kwanza akanipa dawa: "Omera (ndugu yangu), hapo ni kuchonga silinda tu. Tutie pistoni kubwa, utaruka." Nikalipa elfu tatu na ushee. Akatanua silinda, chumba ambamo pistoni hupanda na kushuka, kutoka milimita 62 hadi 63, akafunga pistoni ya oversaizi, lakini gasketi ya hedi, ile ya kuziba kati ya silinda na kifuniko chake, akarudisha ya kipimo cha zamani. Ukingo wake ukabaki umechungulia ndani, palepale moto unapowaka. Siku ya nne, nikiwa karibu kabisa na kilele, nikasikia injini inapuliza kama nyoka aliyekanyagwa, nguvu zikaisha zote. Nilishusha mifuko mmoja mmoja kando ya barabara huku mawingu ya mvua yakija kutoka upande wa ziwa. Simiti ikinyeshewa ni mali ya nani? Ni yangu mimi. Mpaka leo nikikumbuka ushauri ule nakasirika.

Hedi ilipofunguliwa tena, mpwa wangu anayesomea ufundi alikuwepo na vernia yake, kile kifaa cha kupimia milimita. "Mjomba, kabla hujatoa pesa nyingine, tupime kwanza." Tukasukuma pistoni juu kabisa, tukaishusha chini kabisa, tukapima kina ilichoshuka kwa ule ulimi mwembamba wa vernia: milimita 49 na nusu. Huo mwendo wa pistoni ndio mafundi huita stroku. Upana wa silinda ndio boa. Ukitaka cc, chukua nusu ya upana, izidishe kwa yenyewe, kisha kwa 3.14, kisha kwa mwendo, ugawe kwa elfu. Kwa silinda yangu ya zamani, 149. Baada ya kuchongwa, 154. Cc tano! Asilimia tatu tu, na pesa zangu zimekwenda. Kama fundi angeshika kalamu dakika mbili, nisingenyeshewa.

Boxer je? Boa ni 56, stroku 58.8, cc 144.8. Kwa hiyo inayonipita ina cc chache kuliko zangu. Watu wengi hapa watakuambia stroku ndefu ina nguvu kwa sababu mkono wa krenki, chuma ambacho pistoni hukizungusha, ni mrefu, kama spana ndefu. Ni kweli, lakini nusu tu. Pistoni yangu ni pana, kwa hiyo moto unaisukuma kwa nguvu zaidi. Mkono mfupi mara msukumo mkubwa, mkono mrefu mara msukumo mdogo, hesabu inakaribiana. Tofauti iko katika kupumua na kuzunguka. Silinda pana ina nafasi ya vali pana, milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi, na pistoni ya mwendo mfupi haikimbii sana ndani ya silinda, kwa hiyo injini ya namna hiyo hupenda mizunguko mingi. Ile ya stroku ndefu kwa kawaida hutengenezwa ivute ikiwa bado inazunguka polepole. Mimi nilikuwa naibana yangu chini, mahali isipopenda.

Dawa ikawa spoketi, gurudumu la meno linalovuta cheni. Ya mbele ilikuwa na meno 15, nikaweka ya meno 14, mia chache tu pale soko la Kibuye, na gasketi ya kipimo sahihi. Jino moja linaongeza mvuto wa gurudumu la nyuma kwa asilimia saba, zaidi ya mara mbili ya kile pistoni kubwa ilichonipa, na injini inazunguka zaidi kwa mwendo uleule. Ukibadilisha, angalia cheni. Kama imevutika, meno mapya yataliwa haraka.

Sasa naanza mlima nikiwa tayari gia ya pili, siingoji injini ianze kulia ndipo nirudishe. Kwenye tambarare kasi imepungua, na wenye haraka waniache tu. Boxer ya mwenzangu bado hunitangulia kidogo pale juu, lakini tukifika Kiboswa tunashusha mifuko pamoja, na yangu haijanyeshewa tena.