Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa chekechea na ndoo nyekundu

Saa 1:30 asubuhi. Nafika darasani kabla ya watoto. Ninao 18, wa miaka mitatu hadi mitano. Vile vitu vinavyogombewa sana naviweka viwiliviwili, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu hawezi kusubiri zamu ndefu.

Saa 2:05. Mama mmoja ananivuta pembeni. "Mwalimu, jana wangu kang'atwa. Na nani?" Simtajii. Namweleza ilivyotokea, tulivyomhudumia mwanawe, na kwamba leo sitabanduka karibu na huyo anayeng'ata. Mara nyingi anayeng'ata ni yule ambaye maneno bado hayajamtosha. Naona hajaridhika, na simlaumu.

Saa 3:10. Kelele mchangani. Wawili wanavutana ndoo nyekundu, na mkono wa mkubwa uko juu tayari. Nachuchumaa katikati yao. "Sitakuacha umpige. Ndoo naishika mimi kwanza."

Siulizi nani kaanza. Swali hilo huleta mashahidi na mashtaka, na mwongo hodari ndiye hushinda. Nasema ninachokiona tu: "Wewe umekasirika. Wewe unalia. Wote mnaitaka ndoo." Kisha nanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu kuliko yote, maana ulimi unawasha kutoa hukumu.

"Nilikuwa nachota maji ya mto," anasema mkubwa.

"Mimi najenga nyumba," anasema mdogo kwa kwikwi.

"Ndoo moja, watu wawili. Tufanyeje?"

"Asubiri mpaka nimalize."

Namgeukia mdogo: umekubali? Anatikisa kichwa, hataki. Kimya tena. Halafu anafuta kamasi kwa kiganja na kusema, "Mto upite kwangu."

Wazo hilo mimi sikuwa nalo. Ndoo ikarudi kazini, mfereji ukachimbwa mpaka mlangoni pa nyumba. Dakika nne nzima zilipita. Mimi ningeamua kwa nusu dakika, na kesho wangevutana vilevile.

Saa 4:20. Mtoto kamsukuma mwenzake, goti limechubuka. Msaidizi wangu anamwamuru, "Sema samahani!" Anaisema huku akitazama ukuta. Samahani ya kulazimishwa ni nauli tu ya kurudia mchezoni. Namwambia, "Tazama goti lake. Tumsaidieje?" Anakimbia kuleta kitambaa chenye maji, analikanda goti taratibu, na anabaki ameketi hapo.

Saa 5. Hapa nilikosea. Watatu walimwambia wa nne, "Hatukutaki," nami nikajibu haraka, "Humu sote ni marafiki." Si kweli, nao wanajua. Hakuna anayelazimika kumpenda kila mtu. Kinachokatazwa ni kumuumiza. Yule wa nne alibaki amesimama mlangoni. Nilirudi, nikakaa naye, nikamuuliza angependa kucheza nini na nani. Alimtaja mtoto mwingine kabisa.

Saa 6. Chakula, kisha usingizi. Naandika daftarini nani kagombana na nani. Jina moja likijirudia kila siku kwa kuonewa na yuleyule mwenye nguvu, huo si ugomvi tena. Hapo sipatanishi, namlinda anayeonewa na kuwaita wazazi wa pande zote mbili.

Saa 8. Wameamka, wametulia. Tunafanya mazoezi kwa wanasesere: mkono mbele, sauti nzito, "Acha, sipendi!" Maneno haya hufundishwa wakati wa amani. Mtoto aliyefura kwa hasira hasikii somo.

Saa 8:40. Niko hatua moja kutoka kwa yule anayeng'ata. Mwenzake anambana kwenye mkeka, na mdomo unafunguka karibu na bega. Natia mkono wangu kati. "Mwambie: sogea."

"Sogea!" anapiga kelele hadi darasa zima linageuka. Mwenzake anasogea. Yeye ananitazama kwa mshangao, kisha anasema tena, safari hii polepole, "Sogea."

Saa 9:30. Mama wa asubuhi amerudi. Namwambia leo hakuna aliyeng'atwa, na kesho nitakaa palepale.