Nilivyoondoa pazia jeusi kwenye skrini ya ILI9341

Nilikuwa natengeneza kipimo cha maji ya tangi la nyumbani: ESP32 (kompyuta ndogo ya chipu moja), skrini ndogo ya pikseli 320 kwa 240 inayoendeshwa na chipu ya ILI9341, na mshale wa kuonyesha kiwango. Mshale ulisogea kwa kushtukashtuka, na kila nilipofuta skrini, weusi ulishuka kutoka juu kama pazia. Nikazishuku hesabu za pembe. Nikaziweka kwenye jedwali, wapi!

Ndipo nikachukua karatasi nikahesabu baiti. Kwa kila pikseli msimbo wangu ulituma amri ya 2A na baiti 4 za safu wima, amri ya 2B na baiti 4 za safu mlalo, amri ya 2C, kisha baiti 2 za rangi. Jumla baiti 13, na 11 kati yake ni za kuelekeza tu! Zidisha kwa pikseli 76,800, unakaribia baiti milioni moja. Kwa SPI, yaani njia ya waya inayopeleka data biti moja moja hadi kwenye skrini, ya megahezi 40, hiyo ni moja ya tano ya sekunde, bado hujahesabu kuinua na kushusha waya wa DC, unaoiambia skrini kama inapokea amri au data.

Kumbe ILI9341 ukishaipa mipaka ya mstatili, inasogea yenyewe pikseli hadi pikseli. Wewe unamimina rangi tu. Skrini nzima ikashuka hadi baiti 153,600, kama milisekunde 31. Pazia likatoweka siku hiyohiyo, na nilifurahi mno.

Nikaongeza DMA, njia ya kutuma data bila kuishughulisha prosesa: bafa mbili (sehemu za kumbukumbu za kuwekea data kwa muda) za baiti 12,800, moja ikitumwa prosesa inachora kwenye nyingine. Hapo nilikwama jioni mbili. Picha zilichanganyikana kwa kuwa nilianza kuandika kwenye bafa ambayo haijamaliza kutumwa. Lazima usubiri taarifa kwamba imekwisha. Tena nyekundu ilitoka buluu. Kati ya baiti 2 za rangi, ESP32 huhifadhi ile ya chini kwanza, skrini inataka ile ya juu kwanza, basi rangi zote nikazigeuza mapema, mara moja, nisizigeuze wakati wa kuchora.

Mwisho niliacha kabisa kufuta skrini. Nachora upya mraba wa mshale tu, 80 kwa 80, unaoenea kwenye bafa moja barabara na kufika kwa milisekunde zisizozidi 3. Pampu ikiwashwa sasa, mshale unapanda polepole pamoja na maji.